Gari la Kambi Lililolala Msimu Mzima: Kutafuta Chanzo cha Betri Zilizokwisha na Umeme Uliokatika

Mwishoni mwa Mei, matope ya masika yanapoanza kukauka, yadi za Arusha nazo huanza kuamka. Magari ya kambi yaliyofunikwa maturubai tangu Machi hufunuliwa, milango hufunguliwa, funguo huzungushwa, na katika mengi hakuna kinachotokea. Friji haiungurumi, pampu ya maji haisikiki, taa za hema hazitoi hata mwanga wa kufifia, na injini ama inatoa mlio mmoja mkavu ama iko kimya kabisa. Mwenye gari anakuwa na wageni wa kupokea baada ya siku tatu, kwa hiyo hufanya moja kati ya mambo mawili: humwita jirani aje kubusti, au hutuma mtu dukani kununua betri mpya. Yote mawili yanaweza kuwa sahihi, lakini yakifanywa kabla ya kupima hupoteza fedha, na mara nyingine huunguza vifaa vilivyokuwa vizima.

Gari ninalolizungumzia ni lile linalojulikana kote kaskazini mwa Tanzania na Kenya: Land Cruiser ya dizeli au Hiace iliyofungwa hema juu ya paa au vitanda ndani, ikawekewa friji, pampu, taa, soketi za kuchajia simu, pengine na inveta ya kugeuza umeme wa betri kuwa kama wa nyumbani, na paneli ya sola. Gari la namna hiyo lina mifumo miwili ya umeme. Betri ya injini ina kazi ya kuwasha gari kwa nguvu kubwa ya sekunde chache; betri ya kambi ina kazi ya kutoa umeme kidogo kidogo usiku kucha. Kati ya hizo mbili kuna rilei ya kugawa chaji, inayoziunganisha injini inapofanya kazi na kuzitenganisha injini inapozimwa. Anayetafuta tatizo bila kutenganisha mifumo hii kichwani mwake huzunguka gari siku nzima, akitibu upande mmoja ilhali ugonjwa uko upande wa pili.

Msimamo wangu, baada ya miaka mingi ya kufungua boneti za magari yaliyolala, ni kwamba betri iliyokwisha ni dalili tu. Pengine imekufa kwa uzee, pengine imenyonywa na kitu kilichoachwa wazi, pengine haina tatizo lolote ila kichwa chake kimeota kutu. Mita ya kupimia volti ya bei ndogo hutofautisha hali hizo tatu.

Kabla ya kugusa chochote

Vua pete, saa na bangili za chuma. Betri ya gari ina volti chache zisizoweza kumrusha mtu, lakini pete ikigusa kichwa cha chanya huku mkono umeegemea bodi, chuma hicho huwa chekundu kabla hujauondoa mkono. Vaa miwani ya kukinga macho. Betri ya asidi inapochajiwa hutoa gesi ya haidrojeni, ambayo hulipuka kwa cheche ndogo tu. Kwa hiyo betri ya kambi iliyofungwa chini ya kiti au ndani ya kabati ichajiwe milango ikiwa wazi, mbali na sigara na jiko la gesi.

Kisha hakikisha gari ni la volti ngapi. Magari mengi hutumia volti 12, lakini baadhi ya Land Cruiser na malori yaliyogeuzwa kuwa magari ya kambi yana betri mbili zilizoungwa kwa mfululizo kutoa volti 24. Ukibusti gari la volti 12 kutoka kwenye lori la volti 24 utaunguza vifaa ambavyo bei yake inashinda betri kumi. Fuata nyaya kwa macho kutoka betri moja hadi nyingine: chanya ikiunganishwa na chanya na hasi na hasi, bado ni volti 12; chanya ya moja ikiunganishwa na hasi ya nyingine, ni volti 24.

Mita inasema nini

Weka mita kwenye volti za mkondo mnyoofu (DC), gusa vichwa vya betri vyenyewe na si vibanio vya waya, kisha soma. Gari liwe limezimwa kwa saa kadhaa. Kama limechajiwa muda mfupi uliopita, washa taa kubwa kwa dakika mbili, zizime, subiri kidogo ndipo upime, kwa sababu betri iliyotoka kwenye chaja huonyesha namba ya juu isiyodumu.

Betri ya asidi ya volti 12 ina seli sita, kila moja ikitoa takriban volti 2.1. Ikijaa na kutulia husoma kati ya 12.6 na 12.7, ikiwa nusu husoma karibu 12.2, ikifika 12.0 imebaki na robo. Na chini ya 11.8 tunasema imekwisha. Betri za aina ya AGM, ambazo asidi yake imefyonzwa kwenye mikeka ya nyuzi za kioo, husoma juu kidogo, karibu 12.8 au 12.9 zikijaa. Wengi hukosea hapa kwa kuona 12.0 wakadhani ni karibu sawa na 12.6, wakati umbali kati ya betri iliyojaa na iliyokwisha ni chini ya volti moja. Mita inayoonyesha desimali mbili ndiyo inayofaa.

Namba moja ninaiomba uikumbuke kuliko zote: 10.5. Betri iliyochajiwa usiku kucha kisha ikatulia kwenye volti 10.5 au karibu yake imepoteza seli moja kati ya sita. Hakuna chaja wala dawa ya dukani itakayoirudisha.

Dalili: ufunguo unazungushwa na gari liko kimya kabisa

Ikiwa hata taa za dashibodi haziwaki, usihitimishe haraka kwamba betri imekufa. Nimeona betri zenye volti 12.5 katika magari yaliyo kimya kabisa, kwa sababu umeme hauvuki kutoka betrini kwenda kwenye waya. Angalia vichwa vyake. Unga mweupe au wa kijani uliojitokeza kama maua ya chumvi kuzunguka kibanio ni kutu ya asidi, na hupenda sana magari yaliyokaa kwenye unyevu wa masika au kwenye hewa ya chumvi ya Mombasa, Tanga na Dar es Salaam. Weka ncha moja ya mita kwenye kichwa cha risasi na nyingine kwenye kibanio kilichokishika, mtu mwingine akiwasha taa kubwa: mita inapaswa kusoma karibu na sifuri. Ikisoma volti nzima au zaidi, umepata mahali umeme unapokwama.

Fungua kibanio cha hasi kwanza, kisha cha chanya; kwa Toyota nyingi ni spana namba 10. Utaratibu huo una sababu: spana ikigusa bodi wakati unafungua hasi hakuna kinachotokea, lakini ukianza na chanya spana hiyohiyo itafunga mzunguko na kurusha cheche. Koroga magadi ya kupikia, yale yanayowekwa kwenye makande, ndani ya maji ya uvuguvugu, kisha mwagia vichwa kidogo kidogo. Yatachemka mapovu, kwa sababu magadi yanaua asidi. Vifuniko vya seli viwe vimefungwa vizuri, maana magadi yakiingia ndani yataua asidi ya betri yenyewe. Suuza, kausha, sugua kwa brashi ya waya mpaka risasi ing'ae, funga chanya kwanza na hasi mwisho, halafu paka grisi juu ya kiungo kilichokwisha kukazwa.

Kama vichwa ni safi na betri ina volti za kutosha, angalia fyuzi kuu iliyo karibu na betri, na swichi ya kukatia umeme kama gari linayo. Watu hulaza gari wakaizima swichi hiyo kwa uangalifu mkubwa, na miezi mitatu baadaye hakuna anayekumbuka kwamba ipo.

Dalili: taa zinawaka, starta inagonga tak-tak-tak

Mlio wa haraka wa kugonga unaorudiarudia, huku taa zikififia kila unapojaribu, kwa kawaida ni betri isiyo na nguvu. Mlio mmoja mzito wa kugonga, taa zikibaki na mwanga wake, huelekeza kwenye starta yenyewe au nyaya zake nene. Pima volti za betri mtu akizungusha ufunguo: betri nzima hubaki juu ya 9.6 au 10. Ikiporomoka mpaka 7 au 6, ichaji kwanza kabla ya kuigusa starta.

Ikiwa betri inabaki juu lakini starta haizunguki au inazunguka kwa uvivu, pima njia. Ncha moja kwenye kichwa cha hasi cha betri, nyingine kwenye chuma safi cha injini, kisha mtu apige starta. Zaidi ya nusu volti maana yake waya wa ethi, yaani ule unaounga hasi ya betri na chuma cha gari, umeoza au haujakaza. Rudia upande wa chanya, kutoka kichwa cha betri mpaka skrubu nene ya starta. Waya wa ethi kati ya injini na chasi ndio unaosahaulika kuliko wote. Hupigwa na matope na maji kila safari, na kwa nje plastiki yake huonekana nzima wakati shaba iliyomo ndani imekuwa unga wa kijani.

Kuhusu kubusti

Kubusti ni njia ya kuwasha injini, haichaji betri. Alteneta, yaani jenereta ndogo inayozungushwa na injini, imetengenezwa kutunza betri iliyokaribia kujaa. Ikipewa betri mbili zilizokwisha kwa pamoja, ya injini na ya kambi, hufanya kazi kwa nguvu zake zote kwa muda mrefu na kupata joto kali. Nusu saa ya kuendesha kwenda mjini na kurudi haiijazi betri iliyokwisha. Ukiweza kusubiri, itoe betri uichaji polepole. Usipoweza, fuata mpangilio huu: waya mwekundu kwenye chanya ya betri iliyokwisha, kisha kwenye chanya ya betri nzima, waya mweusi kwenye hasi ya betri nzima, na mwisho wake kwenye chuma kitupu cha injini ya gari lililokwama, mbali na betri yake. Cheche ya mwisho itatokea hapo, na hapo hakuna gesi. Acha gari la msaada liungurume dakika tano au kumi kabla ya kupiga starta, na toa nyaya kwa mpangilio wa kinyume. Injini ikishawaka usichomoe betri ili kuona kama alteneta inafanya kazi. Desturi hii bado ipo katika gereji nyingi, na hupandisha volti ghafla kiasi cha kuua kompyuta ya gari na redio.

Injini ikiwa inafanya kazi, pima tena vichwa vya betri. Kati ya 13.8 na 14.4 alteneta ni nzima. Ikibaki 12 na kitu, haichaji. Ikipita 15, inachaji kupita kiasi na itaikausha betri.

Dalili: betri haikubali chaji

Hapa ndipo betri nyingi hutupwa zikiwa bado zina maisha, na nyingine kulazimishwa kuishi wakati zimeshakwisha.

Betri ya asidi inapokaa bila chaji, mabamba yake ya risasi hufunikwa na fuwele za salfeti ya risasi. Salfeti hiyo ni ya kawaida. Hutokea kila betri inapotumika na huyeyuka kila inapochajiwa. Ikiachwa wiki nyingi, fuwele hukua na kuwa ngumu, na bamba lililofunikwa halifanyi kazi tena. Betri iliyokaa siku mbili imekwisha hurudi bila shida. Iliyokaa mwezi hurudi ikiwa imepungua. Iliyokaa mwaka mzima, kama zilivyokaa nyingi mwaka 2020 watalii walipotoweka, hurudi mara chache sana, na ikirudi haifai kupelekwa mbugani.

Anza na maji. Kwa betri yenye vifuniko, fungua na uangalie kila seli. Mabamba yakiwa wazi, ongeza maji yaliyokenekwa mpaka yafunikwe tu, chaji, kisha baada ya chaji kamili ongeza hadi kiwango kinachotakiwa, takriban milimita 10 hadi 15 juu ya mabamba. Ukijaza kabla ya chaji, maji yatapanda na kumwagika pamoja na asidi. Ninasisitiza maji yaliyokenekwa kwa sababu madukani jina «maji ya betri» hutumika wakati mwingine kwa vitu viwili: maji matupu na maji makali, yaani asidi. Betri iliyopungukiwa na maji imepoteza maji, asidi yake bado imo ndani. Anayeiongezea asidi huyaharibu mabamba yake. Soma chupa, na kama haina maandishi usiinunue.

Chaji kwa utulivu. Kanuni ya zamani bado ni nzuri: ampea za chaja ziwe takriban moja ya kumi ya ukubwa wa betri, yaani ampea 10 kwa betri ya ampea-saa 100, ile inayoweza kutoa ampea 5 kwa saa 20. Kwa kasi hiyo betri iliyokwisha huhitaji saa kumi na mbili au zaidi. Chagua aina sahihi kwenye chaja, maana betri ya jeli haipaswi kupandishwa sana kuliko volti 14.2, wakati ya maji huvumilia 14.4 hadi 14.8. Umeme wa nyumbani ukikatika usiku, ukirudi nenda ukaangalie; baadhi ya chaja huamka katika mpangilio wa awali na si ule uliouchagua.

Chaja za kisasa zina tatizo moja linalowachanganya wengi. Betri ikiwa chini sana, pengine volti 3 au 5, chaja haiitambui kuwa ni betri na hukataa kuanza. Njia inayotumika gereji ni kuiunga betri hiyo sambamba na nyingine nzima ya aina ileile, chanya kwa chanya na hasi kwa hasi, kisha chaja iwekwe juu ya zote mbili. Chaja inaiona ile nzima na kuanza. Baada ya dakika thelathini hivi, ile dhaifu ikiwa imepanda juu ya 11, zitenganishe na uiache ichaji peke yake. Usiondoke hapo. Shika ubavu wa betri kila baada ya dakika chache: uvuguvugu ni sawa, joto la kukufanya uondoe mkono ni dalili ya seli iliyopiga shoti ndani, na kazi iishie hapo. Betri iliyovimba, iliyopasuka au inayonuka mayai viza isichajiwe kabisa.

Ikimaliza chaji, iache itulie saa kumi na mbili bila kuunganishwa na kitu, kisha pima. Kwa betri yenye vifuniko, kipima uzito wa asidi ndicho hakimu wa haki zaidi: seli iliyojaa husoma karibu 1.265 hadi 1.280, iliyokwisha karibu 1.120. Seli tano zikisoma 1.260 na moja 1.150, umeshajua ni ipi iliyokufa. Betri iliyosoma 12.6 asubuhi bado inahitaji mtihani wa kazi: piga starta, au washa mzigo wa kambi kwa saa moja, na uangalie inavyoshuka.

Betri ya lithiamu ni habari tofauti. Ndani yake kuna kinga ya kielektroniki inayokata umeme seli zinaposhuka mno, kwa hiyo mita inaweza kusoma sifuri kwenye betri nzima. Inahitaji chaja ya lithiamu yenye uwezo wa kuiamsha. Usiibusti kutoka betri ya asidi, na kama imekaa miezi mingi ikiwa tupu au ubavu wake umevimba, usiilazimishe. Seli za lithiamu zilizoshuka kupita kiasi zinaweza kuharibika ndani kwa namna inayoleta moto zinapochajiwa tena.

Dalili: injini inafanya kazi, upande wa kambi umekufa

Pima betri ya kambi injini ikiwa imezimwa, kisha ikiwa inaunguruma. Namba ikipanda juu ya 13, rilei inafanya kazi. Isipopanda, subiri kwanza: rilei nyingi zinazofuata volti hufunga betri ya injini inapofika karibu 13.3, na betri iliyotoka kubustiwa huchukua muda kufika hapo. Baada ya nusu saa bila mabadiliko, angalia fyuzi mbili za waya mnene, moja karibu na kila betri. Usiitazame fyuzi kwa macho tu. Pima volti upande huu na upande ule. Fyuzi iliyoota kutu miguuni huonekana nzima na haipitishi kitu.

Paneli ya sola ikiwa ilifunikwa na turubai, au gari lililala chini ya bati, haikuchaji chochote miezi yote hiyo. Unaporudisha betri, iunge kwanza kwenye kidhibiti chaji, na paneli iwe ya mwisho. Kidhibiti hutambua volti za mfumo kupitia betri; kikipata paneli kwanza kinaweza kujipanga vibaya au kuharibika.

Friji inayowaka taa yake kisha ikazima ndani ya sekunde chache inajilinda dhidi ya volti ndogo. Pima kwenye soketi yake wakati mota inajaribu kuanza. Nikikuta 12.3 kwenye betri na 11.2 kwenye soketi, ninajua waya ni mwembamba mno au kiungo kimelegea njiani, na betri mpya haitabadilisha kitu. Pampu iliyokaa kavu inaweza kuwa imekwama. Igonge kidogo kwa mpini wa bisibisi swichi ikiwa imewashwa, na mara nyingi huamka.

Halafu kuna panya. Vua kifuniko cha nyuma ya friji na chini ya vitanda, unuse kabla ya kuangalia. Harufu ya mkojo wao hukuongoza kwenye kiota, na karibu na kiota huwa pana waya ulioguguniwa. Waya wa namna hiyo usifungwe kwa gundi ya utepe na kuachwa. Ukate, uunge upya kwa kiungo cha kubana, na ubadilishe fyuzi kwa ya ukubwa uleule.

Dalili: betri inajaa jioni, asubuhi imekwisha

Kila gari hunywa umeme kidogo likiwa limezimwa, kwa ajili ya saa, redio na kengele. Miliampea 20 hadi 50 ni kawaida. Hata hizo 50 ni ampea-saa 36 kwa mwezi, na betri ya ampea-saa 70 humalizwa kwa takriban miezi miwili bila kosa la mtu yeyote. Ongeza upungufu wa betri yenyewe, ambao huongezeka kadiri joto linavyopanda, na utaona kwa nini gari lililolala pwani hufika mwisho mapema kuliko lililolala Arusha.

Ili kupata mvujo usio wa kawaida, fungua waya wa hasi, weka mita kwenye ampea 10 kati ya kichwa cha betri na waya huo, funga milango au bana kitasa kwa bisibisi ili taa ya ndani izime, na usubiri nusu saa kompyuta za gari zilale. Usipige starta mita ikiwa hapo. Ukimaliza, rudisha ncha nyekundu kwenye tundu la volti, maana ukiisahau kwenye ampea, utakapopima volti mara nyingine mita itafunga betri kwa mkato.

Gari moja lililoletwa kwangu lilikuwa limebadilishiwa betri ya kambi mara mbili katika miaka miwili. Mita ilisoma ampea 0.44 kila kitu kikiwa kimezimwa. Nilichomoa fyuzi moja moja: inveta, hakuna mabadiliko, friji, hakuna, pampu, hakuna. Fyuzi ya taa za ndani ilipotoka, namba ikashuka hadi 0.02. Taa zote zilionekana zimezimwa. Tulisubiri giza, tukakaa ndani kimya, na ndipo tukaona mstari mwembamba wa mwanga chini ya mlango wa kabati la vyombo. Swichi ya mlango huo ilikuwa imepinda kiasi cha milimita mbili, na balbu ya wati 5 ilikuwa ikiwaka juu ya sufuria usiku na mchana tangu gari lilipofungwa. Balbu hiyo ilikuwa ikinywa ampea-saa kumi kwa siku. Betri ya 100 ilikuwa haiwezi kufikisha wiki mbili. Betri zote mbili zilizotupwa hazikuwa na kosa.

Mwenye gari jipya asiyetaka kuchomoa fyuzi, kwa kuwa kila kuchomoa huamsha kompyuta, anaweza kupima milivolti kati ya vijidoti viwili vilivyo mgongoni mwa kila fyuzi. Fyuzi isiyopitisha umeme husoma sifuri. Inayopitisha husoma kitu, hata kidogo. Inveta iliyoachwa ikiwa imewashwa bila mzigo ni mshukiwa wa kwanza kila mara, kwani hunywa nusu ampea au zaidi kwa kujishikilia tu.

Kulilaza tena

Siku ya kulifunga gari, zichaji betri za asidi mpaka zijae, chomoa paneli kwanza ndipo ufungue hasi za zote mbili, na uandike volti ulizoacha kwenye kipande cha karatasi kilichobandikwa kwenye usukani. Betri ya lithiamu iachwe ikiwa karibu nusu, nayo ichomolewe. Kila baada ya wiki nne hadi sita zipime tena. Yoyote ya asidi iliyoshuka chini ya 12.4 irudishwe kwenye chaja siku hiyohiyo. Kuwasha injini dakika kumi kila Jumapili, jambo ambalo walinzi wengi wa yadi huagizwa kulifanya, hurudisha chaji kidogo isiyotosha kuijaza betri, kwa hiyo mwachie mlinzi mita na ile karatasi, naye aandike namba mpya chini ya ile ya kwanza.